Mishono Mitatu ya Juu

Winnipeg, Kanada
14 Agosti 2025

Binti yangu Nasambu,

Leo ni Alhamisi, tarehe kumi na nne ya mwezi wa nane. Imetimia miaka arobaini na moja tangu niondoke Navakholo, na thelathini na tatu tangu niione mara ya mwisho. Nahesabu hivi kwa sababu ya mazoea. Kwa miaka thelathini na moja nililipwa kuandika tarehe juu ya kila kitu nilichokigusa.

Barua yako na nakala ya cheti chako vimefika. Nilikiweka cheti juu ya meza nikakisoma kama mtu anayesoma jina lake kwenye gazeti. Mkaguzi wa michomeleo! Sikuwahi kufikiri kwamba mtoto wa Chrispinus angeifuata kazi yangu, tena katika kiwanda cha sukari, ambako baba yako amewasha boila tangu wewe hujazaliwa.

Umeniuliza nilikuwa nikifanya nini hasa. Kiwanda chetu kilitengeneza sehemu za injini za ndege za abiria. Mafundi walichomelea pete za chuma, kubwa kama ungo, ambazo ndani yake moto wa injini huwaka. Mimi nilitafuta kile ambacho fundi hakukiona, bila kukata wala kuvunja kitu. Pete ilioshwa, ikazamishwa katika rangi inayopenya, ikaachwa dakika thelathini. Zile dakika ndizo kazi yenyewe, Nasambu. Ufa mwembamba kuliko unywele haunywi rangi kwa haraka. Kisha unaosha, unanyunyiza unga mweupe, unaingia chumba cha giza. Unakaa dakika tano bila kufanya lolote ili macho yazoee, ndipo unawasha taa ya zambarau. Kama kuna ufa, unawaka kijani. Kama hakuna, unapiga muhuri wako. Wangu ulikuwa nambari 47, mdogo kama punje ya mtama.

Nakutumia lenzi yangu ya kukuza mara kumi. Imekwaruzika upande mmoja, lakini katikati ni safi.

Baba yako bado hasemi nami? Mwambie tena kwamba mwaka ule mama yetu alipofariki theluji ilifunga uwanja wa ndege. Mimi sikuchagua theluji.

Baba yako mkubwa,
Erastus Shikanga

Navakholo
9 Septemba 2025

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Nimeichukua barua yako posta ya Kakamega jana. Karani alitikisa bahasha akaniuliza, "Madam, hapa ndani kuna jiwe?" Nikamwambia ni jicho la baba mkubwa wa ng'ambo. Aliiachilia haraka kama imemchoma.

Lenzi ninaivaa shingoni kwa uzi. Mafundi wananiita Daktari wa Mabomba.

Baba nimempa salamu zako. Nilimsomea ile ya theluji. Alikuwa anakula, akaendelea kula. Halafu akasema, "Erastus hadanganyangi kwa kazi. Kwa mambo ya nyumbani, hiyo ni shauri ingine." Mama akamwambia aache, yeye akajishika kichwa. Unajua, mpaka leo watu humtania kuhusu zile nywele. Mzaliwa wa kwanza ndiye hunyolewa wa kwanza baada ya mazishi, na wewe hukuwepo Bibi alipozikwa, kwa hiyo Baba alikataa wembe mwaka mzima. Mama anasema alikuwa anaenda kazini kofia haimtoshi. Mimi nilikuwa mtoto mchanga, nasikia nilikuwa nikizivuta.

Sasa nikuulize jambo la kazi. Kiwanda chetu ni kidogo, si kama kile cha Butali. Tumefunga tangu Juni kwa matengenezo, na wamejenga bomba jipya la mvuke kutoka boila hadi kwenye mashine za kusaga. Lina mishono minane. Mitano ya chini nimeipima yote, na ule wa nne niliurudisha ukachomelewa upya. Mitatu ya juu iko nyuma ya tangi, karibu na paa. Kabla sijaifikia, rangi ya kupimia iliisha na jukwaa likahamishwa. Makopo mengine yatoke Nairobi. Kisha pampu ya kupimia bomba kwa maji imekufa, na Injinia Osiako anasema haina haja.

Leo aliniwekea fomu mezani. Ina visanduku vinane, kimoja kwa kila mshono, na mahali pa sahihi moja. Nikamwambia nimeona mitano. Akasema, "Madam, hiyo mitatu ilichomewa na fundi yule yule, wiki ile ile. Unatafuta nini huko juu, dhahabu?" Wengine wakacheka. Nikasema ninatafuta ufa. Akasema, "Unapima bomba ama unaliombea?"

Miwa imeanza kukatwa, Baba Mkubwa. Wakulima wanampigia Injinia simu kila siku, na muwa uliokatwa haungoji. Baba mwenyewe ana trela mbili za miwa shambani. Hakuna anayenilazimisha, lakini kila mtu ananiangalia.

Wewe uliwahi kuletewa fomu ya namna hii? Ulifanyaje? Niambie ukweli tu, usiniandikie kama kitabu.

Mtoto wako,
Nasambu

Winnipeg
30 Septemba 2025

Binti yangu Nasambu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili.

Jibu ni fupi. Mkaguzi hasaini asichokiona. Mshono wa sita haujui kwamba wa tano ni mzima. Fundi yule yule, wiki ile ile, anaweza kuwa na jua machoni, au mkono uliochoka, au fimbo ya kuchomelea iliyolala kwenye unyevu. Omba jukwaa kwa maandishi. Omba rangi kwa maandishi. Weka nakala. Mahali pa mishono mitatu andika kwamba haijakaguliwa, kisha weka sahihi chini ya maneno hayo.

Unauliza kama mimi niliwahi kuletewa fomu ya namna hiyo. Nililetewa nyingi. Katika miaka thelathini na moja sikupiga muhuri juu ya kitu ambacho sikukitazama. Wakubwa zangu walilijua hilo na mwishowe waliacha kujaribu.

Huku majani yameanza kuanguka. Nimestaafu lakini bado naamka saa kumi na moja. Nikikumbuka nyumbani huwa nakumbuka vitu visivyo na maana: harufu ya molasi upepo ukitoka upande wa Butali, na namna mama alivyokuwa akifinyanga obusuma, ugali wetu, kwa vidole vitatu tu.

Msalimie baba yako.

Baba yako mkubwa,
Erastus Shikanga

Navakholo
22 Oktoba 2025

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Barua yako imefika, asante. Nimeielewa vizuri sana.

Hapa mvua inanyesha kila alasiri na barabara ya sokoni ni matope matupu. Jana bodaboda aliyenibeba alinishusha mara tatu nisukume, na nauli akachukua yote. Mama alienda Lubao kununua mbuzi akarudi na ng'ombe mdogo, hata sasa hajaeleza vizuri ilivyokuwa.

Kazini mambo yamekwisha vizuri. Kiwanda kinafunguliwa tarehe sita Novemba, Alhamisi. Padri atakuja kubariki. Baba ameomba afungue mvuke yeye mwenyewe. Kuna vijana wawili zamu ile, lakini amewaambia wakae kando, hii ni bomba ya msichana wake. Ameniagiza nimpigie pasi shati la Jumapili.

Amefurahi, Baba Mkubwa. Sijamwona akifurahi hivi. Siku hizi hata wewe anakutaja.

Mtoto wako,
Nasambu

Winnipeg
11 Novemba 2025

Nasambu,

Barua yako ya tarehe 22 imefika leo saa nne. Nimekupigia simu mara tisa. Imezimwa. Nimepiga ya baba yako, nayo inaita tu. Sina namba nyingine ya kwenu. Nitaendelea kupiga, lakini haya siwezi kuyasema kwa simu, kwa hiyo naandika.

Hukuitaja mishono mitatu ya juu. Umeandika ukurasa mzima wa mvua na ng'ombe, ukasema kazini mambo yamekwisha vizuri. Nimesoma taarifa za watu maisha yangu yote, na huwa natazama kwanza kile walichoruka. Umetia sahihi.

Kama bado hawajafungua, simama mbele ya vali. Kama wamefungua na hakuna kilichotokea, waambie wazime, waseme wewe ni mwoga, wakufukuze. Bomba la mvuke linaweza kukaa siku tano, linaweza kukaa miezi mitano.

Sasa nikuambie kwa nini naandika kwa haraka hivi. Nilikuandikia kwamba sikuwahi kupiga muhuri juu ya kitu nisichokitazama. Nilisema uongo.

Bibi yako Nekoye alifariki Jumatano, tarehe 11 Februari 1998. Simu ilinifikia ofisini alfajiri ya Alhamisi. Nilipata tikiti ya jioni ile ile. Mezani kwangu kulikuwa na pete kumi na moja za injini ambazo lori lilikuwa linazingojea saa nane. Msimamizi alisema nikizimaliza naweza kwenda. Kuzimaliza kulihitaji siku nzima. Sikuzizamisha kwenye rangi. Sikuingia chumba cha giza. Nilizipanga juu ya benchi nikazipiga muhuri kumi na moja, 47, 47, 47, na kwenye karatasi nikaandika dakika thelathini kila mstari. Ilinichukua robo saa.

Uwanjani kulikuwa na theluji kidogo tu, ya kawaida ya Februari. Ndege ilikuwa nje ya kioo, na injini yake ilikuwa karibu nami kiasi kwamba niliona vumbi juu yake. Niliijua aina ile. Pete zetu zilikwenda kwenye injini kama zile. Nikafikiri kwamba nimefanya hivi ili nipande, na mtu mwingine mahali pengine atapanda juu ya zile kumi na moja. Waliita jina langu mara tatu. Sikupanda. Nilirudi nyumbani kwa basi, nikampigia baba yako, nikasema uwanja umefungwa. Alisema mtanisubiri. Mlinisubiri siku nne na mama akiwa ndani ya nyumba.

Kesho yake, Ijumaa, lori lilikuwa bado halijafika kwa mteja. Ningetamka neno moja zingerudishwa. Lakini kibali changu cha kuishi huku kilitegemea kazi ile, kwa hiyo nilinyamaza. Nimenyamaza miaka ishirini na saba. Namba za pete zile ziko kwenye daftari langu. Kila ajali ya ndege inapotangazwa nimetafuta ripoti nikaisoma mpaka mwisho. Hakuna iliyotaja pete zile. Hiyo si sawa na kusema zilikuwa nzima.

Tangu siku ile sijapanda ndege. Hiyo ndiyo theluji yangu.

Uliponiuliza, ulitaka kusikia haya. Mimi nikakuandikia kama kitabu.

Nijibu kwa njia yoyote.

Erastus

Navakholo
6 Desemba 2025

Baba Mkubwa,

Barua yako ya kumi na moja Novemba nimeipata juzi. Simu yangu niliizima siku ile ile ya tarehe sita na sijaiwasha mpaka leo.

Mzee Lazarus wa ukoo wetu alikwambia kwa simu kwamba Baba amefariki. Sijui alikueleza kiasi gani, yeye hupenda kupunguza. Nitakueleza yote mimi.

Ilikuwa saa tatu asubuhi. Padri alinyunyiza maji, watu wakaimba. Baba alikuwa na lile shati. Aliniita mbele ya wote akasema, "Hii bomba imepimwa na msichana yangu. Msichana yangu hadanganyangi." Wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga makofi, Baba Mkubwa. Nilitaka kusema. Nilikuwa nimefungua mdomo kabisa. Halafu nikaona jinsi alivyonitazama.

Alizungusha vali pole pole kama mtu anayejua kazi. Bomba likaanza kulia kama linavyolia likipata joto. Akainua kidole akanitania, "Daktari, mgonjwa anakohoa!" Watu wakacheka. Kisha mshono wa saba ukaachia. Si mlipuko kama wa sinema. Ni sauti moja tu, kama turubai kubwa likipasuliwa, na hapo alipokuwa amesimama kukawa kweupe. Wale vijana wawili walipona kwa sababu alikuwa amewaambia wakae kando.

Aliishi siku mbili. Hospitali walimfunga kitambaa mwili mzima, macho tu nje. Siku ya pili aliuliza, "Ulipanda huko juu?" Nikasema sikupanda. Akasema, "Basi usiambie mama yako." Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyopata kwake.

Nimemwambia Mama. Nimewaambia pia wachunguzi waliotoka Nairobi. Niliwapa fomu na nakala ya ile barua niliyoomba jukwaa, maana nilikusikiliza hapo, niliomba kwa maandishi. Niliomba mara moja. Walipokataa nikasaini. Injinia Osiako anasema yeye alitegemea sahihi yangu. Ni kweli, aliitegemea. Cheti changu wamekichukua na kesi itasikilizwa mwakani.

Barua yako ya Septemba niliisoma chini ya taa mara tatu kabla ya kusaini. Nikajiambia, huyu ni mtu ambaye hajawahi kubanwa. Anaongea kutoka juu. Nikaona aibu kukuandikia kwamba mimi nimebanwa. Kama ungeniambia habari ya zile pete kumi na moja, na ile basi uliyorudi nayo, sijui ningefanya nini. Siwezi kusema ningekataa. Lakini ningejua ni kitu gani nilikuwa nakishika mkononi.

Sasa jambo lililonifanya niandike. Ulimwambia Mzee Lazarus utakuja tarehe kumi na nane Novemba. Mazishi tulikuwa tumeyapanga tarehe kumi na tano, tukayasogeza. Tulimtuma mtu na gari mpaka uwanja wa ndege wa Kisumu, siku mbili mfululizo, na hukushuka. Tukamzika Baba tarehe ishirini na mbili.

Hatujanyoa. Wazee wanasema wewe ndiye mkubwa wa nyumba ya Nekoye, wembe hauwezi kuanza kwa mwingine. Mama anajikuna usiku na mchana. Watoto shuleni wanachekwa. Mimi nikijiona kwenye kioo namwona Baba mwaka ule nilipokuwa nikizivuta nywele zake.

Sikukasirikii kama unavyofikiri. Nimechoka tu. Njoo, ama utuambie wazi kwamba huji. Usituambie habari ya theluji.

Na unijibu hili kama mkaguzi, si kama baba: sahihi yangu ndiyo ilimuua?

Nasambu

Winnipeg
29 Desemba 2025

Binti yangu Nasambu,

Barua yako ilinifikia juzi. Nitaijibu kwa utaratibu wako.

Tarehe 16 Novemba nilikwenda uwanjani na begi moja na suti nyeusi. Hakukuwa na theluji. Anga lilikuwa safi na ndege iliondoka kwa wakati wake. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti umbali wa hatua ishirini kutoka mlangoni, tikiti mkononi. Waliita jina langu mara mbili. Nilikaa pale mpaka mfagiaji aliponiomba niinue miguu. Naandika haya ili mtu yeyote hapo nyumbani asije akasema ilikuwa hali ya hewa.

Tarehe 24 niliiandikia mamlaka ya ndege ya huku. Nilitaja jina langu, muhuri 47, tarehe 12 Februari 1998, na namba zote kumi na moja. Wiki mbili baadaye walikuja watu wawili, mwanamke na mwanamume, wakachukua daftari. Pete saba wamezifuatilia, zilishatupwa miaka mingi iliyopita zikiwa zimechakaa. Nne bado wanazitafuta. Waliniuliza kwa nini nasema leo. Nikawaambia kuhusu bomba lenu. Yule mwanamke aliandika jina la Navakholo, akaniuliza linavyoandikwa.

Hawakunikataza kusafiri. Wasije wakalaumiwa wao.

Umeniuliza kama sahihi yako ndiyo ilimuua Chrispinus. Nakujibu kama mkaguzi. Mshono ulikuwa na ufa, na aliyeuacha ni fundi. Jukwaa liliondolewa, rangi ikakosekana, pampu ikaachwa imekufa, na hayo ni ya Osiako na waliomtuma. Baada ya hao wote kulikuwa na mtu mmoja aliyebaki ambaye angeweza kuuzuia mvuke usipite, naye alikuwa wewe. Hukuuzuia. Ndiyo, sahihi yako imo. Nikikuambia haimo utajua nakudanganya, na umeshadanganywa nami vya kutosha. Lakini andika pia kwamba kabla ya kusaini ulimuuliza mtu mmoja aliyekuwa anajua, na mtu huyo alijali jina lake kuliko wewe. Waonyeshe barua zangu kwenye kesi, zote, na ile ya Septemba kwanza.

Wewe ulisema ndani ya wiki chache, uso kwa uso, mbele ya mama yako. Mimi sikuweza.

Kuhusu wembe. Mimi, mkubwa wa nyumba ya Nekoye, nasema usingoje tena. Mzee Lazarus aanze na wewe. Baada yako mama yako, kisha wengine wote. Atakayeuliza kwa nini msichana ameanza, asomewe barua hii.

Leo asubuhi nimenyoa zangu. Nilikaa mbele ya dirisha kwa sababu taa ya bafuni imeungua. Nilianza upande wa kulia kama wazee wanavyofanya, na nyuma nilijikata mara mbili kwa kuwa hapakuwa na wa kunishikia kichwa. Ni nywele chache, nyeupe. Nimezifunga kwenye karatasi, zimo ndani ya bahasha hii. Nusu uzifukie kwenye kaburi la mama, nusu kwenye la Chrispinus. Ni za misiba miwili.

Lenzi usiitupe, hata wakikukatalia kazi.

Msinitumie gari Kisumu. Kiwanja changu karibu na mfereji mpe mama yako alime, na kwenye mazishi na harusi msiniwekee kiti. Nimeuliza mwili na akili yangu mara nyingi, na jibu ni lile lile.

Sitarudi.

Baba yako mkubwa,
Erastus Shikanga